Diwani Aliyefukuzwa na Watu Wasiomchagua

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasorobo asubuhi na kukuta mlango wa ofisi ya halmashauri bado una kufuli. Nilikuwa nimetoka Kingerikiti siku mbili kabla, juu ya lori lililobeba magunia ya kahawa, nikiwa na cheti cha uhazili ndani ya bahasha na viatu nilivyoazima kwa shangazi. Mbinga ilikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Nikakaa kwenye ngazi nikisubiri.

Aliyekuja kufungua alikuwa Afisa Utawala, mtu wa Tanga, mrefu, mwenye kofia ya kufuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mpiga chapa mpya? Hati mkato unaandika kwa kasi gani?"

Nikamtajia kasi iliyokuwa kwenye cheti.

"Tutaona," akasema. "Madiwani wa hapa hawasemi kwa kasi ya chuoni."

Hati mkato, kwa ninyi vijana ambao hamkuikuta, ni mwandiko wa alama fupifupi unaomwezesha karani kuandika maneno ya mtu yanavyotoka kinywani. Baada ya kikao nilikuwa naisoma na kuipiga chapa kwenye stensili, ile karatasi laini ya nta, halafu tunaivisha mashine ya kudurufu na kuzungusha mkono mpaka nakala za wajumbe wote zitoke. Ukikosea herufi unaipaka dawa, unangoja ikauke, unapiga tena. Wino ulikaa kwenye kucha zangu wiki nzima. Hata Jumapili kanisani nilikuwa naficha mikono.

Afisa Utawala alinifundisha muhtasari wa kikao kama watu wanavyofundishwa sala. Kwanza akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kufanya kikao kiwe halali. Kisha kuthibitisha muhtasari uliopita, ambao hauwi kitu mpaka Mwenyekiti autie saini. Kisha yatokanayo, pale ambapo kila lililoamuliwa kikao kilichopita linaulizwa limefikia wapi. "Andika kilichosemwa na kilichoamuliwa," aliniambia. "Diwani akilia, andika hoja yake. Machozi usiandike."

Wakati huo chama kilikuwa kimoja, na pwani yote ya Ziwa Nyasa, kutoka Mbamba Bay hadi Chiwanda, ilikuwa bado inaongozwa kutoka Mbinga, huku juu milimani. Kazi haikuwa ngumu. Sehemu kubwa ya mihtasari yangu ilisema kwamba wajumbe wote wamekubali.

Kisha mambo yakafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuja na mizani yao, mitumba ikajaa sokoni, na vyama vingine vya siasa vikaruhusiwa. Uchaguzi ulipofanyika, madiwani watatu wa upinzani waliingia ukumbini, wakapewa viti karibu na dirisha. Afisa Utawala alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao. Mimi nilikuwa nimepanda cheo na kuwa karani wa vikao, na nawaambia kweli, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza kalamu yangu ilichoka. Watu walibishana, walidai takwimu, walimtaka Mkurugenzi ajibu swali aliloulizwa na siyo lingine.

Mmoja wa wale watatu nitamwita Kumburu. Majina nimeyabadilisha na kata nimeiacha bila jina, kwa sababu wengine bado wanaishi jirani na watoto wa wenzao. Kumburu alikuwa fundi wa injini za maboti kutoka kata moja ya pwani, Mnyasa, mtu wa sauti ndogo. Jambo lake lilikuwa moja tu. Kata yake haikuwa na zahanati, na wajawazito walipelekwa Mbamba Bay kwa mtumbwi wa kasia. Alilisema kikao cha kwanza, akalisema cha pili. Cha tatu alikuja na mchoro wa jengo na orodha ya wanakijiji waliojitolea. Walikuwa wamekwisha kuchimba msingi na kuchoma matofali. Walichotaka kwa halmashauri ni bati, saruji na muuguzi.

Baraza lilikubali. Niliandika azimio lile kwa mkono wangu, na wakati wa chai hata madiwani wa chama tawala walimpa mkono.

Sasa sikilizeni jinsi lilivyoharibika, kwa sababu mpaka leo nikilisimulia sauti yangu inapanda.

Huko Dar es Salaam, mwenyekiti wa taifa wa chama cha Kumburu aligombana na makamu wake. Waligombana kwa ajili gani sikuwahi kuelewa, na Kumburu naye hakuelewa. Kila mmoja alisema yeye ndiye chama. Kila mmoja akaitisha mkutano wake mkuu na kumfukuza mwenzake. Makamu alipopita Songea akiita viongozi wa mkoa, Kumburu alikwenda, kwa sababu barua ya mwaliko ilikuwa na nembo ya chama, na yeye alikuwa mwanachama anayeitwa na chama chake. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Baada ya wiki chache zilifika masijala, pale tunapopokea na kusajili barua, barua mbili siku moja. Ya kwanza ilisema Diwani Kumburu amefukuzwa uanachama. Ya pili ilisema Diwani Kumburu ni mwanachama halali, na aliyeandika ile nyingine hana tena mamlaka katika chama. Nembo ilikuwa ileile. Muhuri ulikuwa uleule. Saini tu ndizo zilikuwa tofauti.

Mkurugenzi alizisoma zote mbili akiwa amesimama.

"Bi Konsolata, ipi iliingia kwanza?"

"Zote zimeletwa na basi la asubuhi, mzee. Bahasha zilikuwa pamoja."

"Sisi hatuwezi kuamua ugomvi wa chama," akasema. "Tuzipeleke juu."

Zikapelekwa juu. Na mnapaswa kuelewa sheria inavyosema: diwani, kama mbunge, akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, kiti chake kinakuwa wazi. Haijalishi ni watu wangapi walisimama juani kumpigia kura. Jibu liliporudi lilisema kiti kiko wazi. Kwa nini walichukua barua ile na si hii, halikueleza.

Siku ya Baraza, Kumburu alikuja kama kawaida na mchoro wake chini ya kwapa. Nakala za zile barua mbili alikuwa amepata, lakini jibu lililotoka juu hakuna aliyekuwa amemwambia. Mwenyekiti alifungua kikao, akasoma lile jibu, akavua miwani.

Kumburu akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuuliza."

"Huwezi kuuliza. Wewe si mjumbe tena."

"Basi naomba kuuliza kama mwananchi."

"Mwananchi haongei katika Baraza bila kibali."

"Nani amenitoa?"

"Chama chako."

"Chama changu kipi? Nina barua mbili, Mheshimiwa. Na katika hawa waliosaini, nani amewahi kufika kwetu hata kunywa maji?"

Baadhi ya wajumbe walicheka. Mwenyekiti akamwita mgambo aliyekuwa mlangoni. Mgambo alimshika Kumburu mkono juu kidogo ya kiwiko, kijana yule naye akiona aibu, akaanza kumtoa. Alipopita mbele ya meza yangu Kumburu aliweka ule mchoro juu ya daftari langu. "Dada, hii ibaki hapa," akasema, akatoka.

Tukaendelea na yatokanayo. Kipengele cha nne, ujenzi wa zahanati. Mwenyekiti alitazama kile kiti karibu na dirisha. "Mtoa hoja hayupo. Tuendelee." Maneno manne. Niliyaandika yote.

Rasimu ya muhtasari ilipofika mezani kwake, Mwenyekiti aliniita ofisini.

"Umeandika kwamba alitolewa na mgambo."

"Ndivyo ilivyokuwa, Mheshimiwa."

"Andika kwamba aliaga na kuondoka."

"Hakuaga, Mheshimiwa."

"Bi Konsolata, mimi ndiye ninayetia saini."

"Ni kweli. Lakini ninayeandika ni mimi."

Msinione shujaa. Nilipotoka mle ndani niliweka stensili mpya kwenye mashine, nikaitoa, nikaiweka tena. Nilikuwa na watoto watatu na mume mgonjwa. Lakini stensili ile sikuibadilisha. Vikao viwili vilipita muhtasari ukiwa haujathibitishwa, na Mkurugenzi, aliyejua kila kitu, alikuwa akinipita kwenye veranda bila kuinua macho. Kisha nikapewa barua ya uhamisho, "kwa manufaa ya umma," kwenda ofisi ya tarafa Mbamba Bay. Karani aliyeshika nafasi yangu aliandika kwamba diwani aliaga. Sikumlaumu sana. Naye alikuwa na watoto.

Mbamba Bay nilifika nikiwa na hasira na nikaipenda. Nilijifunza kula usipa, dagaa wa huko ziwani, wa kukaanga asubuhi na kuitikia salamu za Kinyasa. Katibu Tarafa, bosi wangu mpya, alikuwa mama wa Kihaya, mkali, aliyekuwa akisema, "Hapa faili ni chache, shida ni nyingi. Toka nje." Kwa hiyo nilitoka, na ndipo nilipoona kwa macho yangu kile nilichokuwa nakiandika kwenye karatasi. Msingi wa zahanati ulikuwa pale, umeota mihogo. Matofali waliyoyachoma wenyewe yalikuwa yamemezwa na nyasi, kwa sababu hakuna aliyeleta bati. Mpwa wa Kumburu alishikwa na uchungu njiani kuelekea Mbamba Bay, mtumbwi ukipigwa na upepo, na mtoto alifia humo. Kumburu mwenyewe alinisimulia, akiwa ameinama juu ya injini, bila kuacha kufungua nati.

Uchaguzi mdogo wa kujaza kiti chake ulipofika niliwekwa karani mwongozaji, yule anayewaelekeza wapiga kura mlangoni, katika shule iliyotumika kama kituo. Bibi mmoja muuza usipa alisimama mbele yangu na kadi yake mkononi.

"Mwanangu, mimi nilishachagua."

"Ni uchaguzi mwingine, bibi. Kiti kiko wazi."

"Nani kakiacha wazi? Kumburu yupo pale ng'ambo, anatengeneza boti la mwanangu. Amekufa?"

"Hajafa, bibi. Chama chake kimemfukuza."

"Mimi sikumchagua kwa ajili ya chama. Kura yangu ya kwanza imekwenda wapi?"

Nilikuwa na kitabu cha maelekezo mkononi. Hakikuwa na jibu. Bibi akarudisha kadi kwenye kanga yake na kwenda zake.

Aliyeshinda alikuwa mfanyabiashara kijana wa kundi la makamu, ambalo kufikia hapo lilikuwa limejiandikisha kwa jina jipya na bendera mpya. Hata mwaka haukuisha. Alihamia chama tawala, akapokewa kwa ngoma, kiti kikawa wazi tena, tukapanga tena masanduku katika shule ileile. Safari hiyo nilikaa mlangoni mpaka mchana, mbuzi wakipita uwanjani, watu wakija mmojammoja kama wanaokuja kuchukua dawa chungu.

Vyama vitatu vilimfuata Kumburu agombee. Nilimuuliza kwa nini amekataa vyote.

"Dada Konsolata," akasema, "nikigombea tena, nitakuwa naomba ruhusa kwa watu wa Dar es Salaam ili niwatumikie watu wa hapa. Kutengeneza injini hakuna anayenipa ruhusa."

Zahanati ilijengwa miaka mingi baadaye, upande wa pili wa barabara. Jiwe la ufunguzi lina jina la kiongozi aliyekuja siku moja kukata utepe. Mimi nilikuwa nimekaribia kustaafu.

Nilistaafu na kurudi Kingerikiti, nikalima kahawa kidogo na mahindi ya kutosha. Nilipopata habari kwamba Kumburu amefariki, nilishuka na basi dogo mpaka pwani. Nyumbani kwake nilikuta makundi mawili yamesimama mbalimbali uani. Moja lilikuwa la chama chake cha zamani, lingine la kile kilichomeguka, na kila kundi lilikuwa na bendera iliyokunjwa. Walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini ni bendera ipi itafunika jeneza. Katibu wa kundi moja alikuwa akisema marehemu alikuwa nguzo ya chama chao. Wa kundi la pili alisema ana barua kuthibitisha kwamba marehemu hakuwahi kufukuzwa. Naapa, alikuwa nayo mfukoni.

Mjane wake, Mama Tekla, alitoka ndani akishikwa na wanawake wawili. Akasimama mbele yao.

"Siku alipotolewa nje," akasema, "alitembea kutoka Mbinga mpaka alipopata lori. Alifika hapa miguu imevimba. Hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kumpa pole. Leo mnamtaka wa nini?"

Akavua kitenge alichojifunga begani, akakitandaza juu ya jeneza na kukinyoosha pembe zake kwa mkono, taratibu, kama anayetandika kitanda. Vijana wa mabotini wakabeba. Wale wa bendera wakafuata nyuma.

Vijana wanaokuja kunitembelea huniuliza chama gani ni kizuri. Siwajibu, kwa sababu mimi sikushindana na chama. Nawaeleza sheria ile, ambayo ipo mpaka leo, kwamba ukimchagua mtu, barua moja kutoka mji ambako hujawahi kufika inatosha kumwondoa, na barua hiyo haikutaji. Niliandika mihtasari miaka mingi. Nimeandika mwenyekiti aliuliza, mkurugenzi aliuliza, chama kiliuliza. Siku kiti kilipotangazwa kuwa wazi, sikuandika popote kwamba wapiga kura waliulizwa.