Siku Rubani wa Mama Alipokanyaga Vitenge

Nikiwasimulia hiki kisa mcheke, sawa, lakini mcheke taratibu, maana mpaka leo kanisani kwetu hapa Whitehall, Marekani, kuna kina mama wakiniona wananipungia mikono kama mabawa, na aibu inanishika upya.

Tangu kambini Tanzania, tukiwa wakimbizi, nilitamani kuruka, na nilipofika Marekani nikakuta njia mbili: ndege isiyo na injini, ambayo unaruka na mwalimu kakaa nyuma yako na usukani wake, unafanya mtihani wa kuandika, kisha mtahini anapanda na wewe ndipo serikali ikupe leseni, au parachuti la kurukia kilimani, ambalo serikali hailidai leseni, chama cha warukaji ndicho kinakupa cheti, na mwalimu anabaki chini akikuelekeza kwa redio sikioni. Mimi na haraka zangu (na zamu za ghala zisizoisha) nikachagua la pili. Mama akauliza, "Eliya, Jumamosi unasomea nini?" Ningesema parachuti, mambo yangeishia hapo. Nikasema, "Urubani, Mama."

Basi, Jumapili Mama akasimama kutoa ushuhuda. Huyu ni mama aliyeambiwa kambini kwamba watoto wake hawatafika popote, kwa hiyo alivyolia pale mbele nilishindwa kumsahihisha. Habari zikamfikia mjomba Louisville, zikamfikia mama mdogo Buffalo, na siku yangu ya kwanza kuruka kutoka juu ya kilima wote wakaja, kina mama wa kwaya na sare zao. Mjomba akaangaza huku na huku. "Ndege iko wapi?" Nikamwonyesha kitambaa cha parachuti langu kwenye majani.

Kina mama nao, kuona kitambaa kimetandazwa, wakaelewa kivyao. Kwetu mtu wa heshima hakanyagi udongo, hutandikiwa vitenge kama bibi harusi. Wakavua vya kujitanda, wakanitandikia njia yote ya kukimbilia, vigelegele juu. Ningewaambia waviondoe, lakini mbele ya Mama ningeanzaje? Nikakimbia. Kitenge cha kwanza kikateleza, cha pili kikanizonga mguu, na parachuti limeshajaa upepo. Mwalimu kule chini alikuwa ananiambia sikioni "simama, simama" (nilikuja kuambiwa baadaye), mimi nasikia vigelegele tu. Likaninyanyua kimo cha meza, likaniburuta, likanibwaga kwenye dimbwi, suruali imepasuka nyuma yote, kwaya nzima inaangalia.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama, mbio, bila viatu. Akanifunga kitenge kiunoni. "Umeumia?" Nikasema hapana, na kwa sauti ndogo nikasema kwamba mimi si rubani, Mama, sina hata leseni.

Akanifuta matope usoni. "Ungeniambia tu unajifunza, mwanangu. Ningelia vilevile."

Nilitaka dimbwi linimeze. Sasa nimehamia kwenye ndege isiyo na injini, mwalimu yuko nyuma yangu, mtahini bado sijamwona, na nimeapa sitajipa tena cheo ambacho sijakifanyia mtihani. Jumapili Mama akisimama anasema, "Eliya wangu bado anajifunza," na kina mama wanapiga vigelegele vilevile.