Rimu za Mtaalamu

Mume wa mdogo wangu tunamwita Mtaalamu. Jina hilo nilimpa mimi, tena kwa kejeli, lakini mwenzangu kalipokea kama cheti. Huyu bwana hajawahi kuulizwa swali akajibu "sijui." Muulize bomba linavujia wapi, atakwambia. Muulize homa ya mtoto ni ya nini, atakwambia. Bomba litaendelea kuvuja, mtoto atakimbizwa kwa daktari, na Mtaalamu atasimama mlangoni, mikono kiunoni, akieleza kwa nini ilibidi iwe hivyo. Debe tupu haliachi kuvuma.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonishinda ni pikapu ya mama.

Pikapu ile mama aliinunua mwenyewe kabla mdogo wangu hajazaliwa. Akaiendesha akibeba mbao miaka nenda miaka rudi, mpaka figo zilipomgomea. Sasa inambeba yeye. Kila Jumatatu na Alhamisi, saa moja asubuhi, lazima awe kitandani kliniki asafishwe damu. Daktari alitwambia bila kupepesa macho: akikosa siku moja, maji yanampanda kifuani. Na dereva ni nani? Mtaalamu. Mimi nauza vipuri vya magari mwaka wa kumi na tisa huu na sijui kuendesha. Cheka umalize, nitakungoja.

Basi, Jumatano jioni natoka dukani napitia kwa mama, nyumba nne kutoka kwangu, nawakuta wote wako uani. Pikapu iko juu ya jeki. Mtaalamu kapata rimu za aloi zilizovuliwa kwenye gari la kisasa lililopondeka. Zinang'aa hizo! Anazifunga kwenye gari ambalo mlango wake wa kulia unashikiliwa na waya.

"Umeona, shemeji?" akaniambia huku akijifuta jasho ambalo halikuwepo. "Matundu sita, bolti sita. Imeingia kama imezaliwa nayo!"

Imeingia. Ndiyo lugha yao hiyo. Mafundi wanaojua kazi, wakija kaunta kwangu, hawasemi kitu kimeingia; wanauliza, "Imekaa?" Mguu wa mtoto unaingia vizuri tu kwenye kiatu cha baba yake. Umekaa?

Nikainama nikatazama, na kwa mara ya kwanza siku ile nikafurahi. Bwana mkubwa alikuwa amefunga rimu mpya kwa nati zilezile za zamani. Nati za rimu za chuma zina pua iliyochongoka, nazo hukaa kwenye tundu lenye mteremko. Rimu zile za aloi matundu yake yamenyooka, zinataka nati yenye shingo ndefu na washa bapa, ile pete ya chuma inayokaa chini ya nati. Ukitia ile ya zamani itaingia, itakaza, spana itagoma kabisa, kumbe imeshika ukingo tu. Gari likitembea inajilegeza yenyewe. Nati zinazotakiwa ninaziuza mimi, droo ya tatu mkono wa kushoto, na mtu huyu hula meza moja nami kila Jumapili. Kuniuliza kungempunguzia nini?

Ningesema palepale. Sikusema.

"Hongera, shemeji," nikamwambia.

Nia yangu sitaificha. Nilirudi dukani nikatoa nati ishirini na nne, nikazitia kwenye mfuko. Huwa wanaondoka saa kumi na mbili na nusu. Nilipanga niwahi, nimfungulie gurudumu moja mbele ya mama, mbele ya mkewe, mbele ya jirani yetu mwenye mdomo, kisha nimuulize mbele yao wote: "Hii imekaa?" Aumbuke. Nilikuwa na hamu nalo, wallahi, nikalala nikitabasamu.

Saa kumi na mbili kamili nafika na mfuko wangu, uani hakuna gari. Mdogo wangu anafagia.

"Wako wapi?"

"Wameshaondoka, dada. Baba watoto alitaka wapitie barabara kuu, watu wamwone na rimu zake."

Nikasimamisha pikipiki, nikamwambia dereva wake akimbie, asiniulize kitu.

Niliwakuta karibu na kinu cha unga. Gurudumu la mbele limechomoka na kulala mtaroni, bolti nne zimekatika, pikapu imepiga goti kwenye lami. Mama kaketi juu ya kreti la soda, ana mkwaruzo kwenye paji la uso na anahema kwa shida. Mtaalamu kachuchumaa pembeni yake akimpepea kwa kofia.

Njia nzima nilikuwa nikimpangia maneno. Akaniwahi.

"Shemeji, nimekosea," akasema. "Nilisikia linagonga, nikadhani ni barabara. Nimekosea mimi. Nimemsimamisha mtu wa gari la mikate, anageuza kule mbele, anakuja kumchukua mama."

Nimekosea! Neno hilo sikujua kama analo.

Mama alikuwa anatazama mfuko wangu. Mtu aliyebeba mbao na gari lile miaka yote ile hahitaji kufunguliwa mfuko; mlio unamtosha.

"Una nini humo?"

"Nati, mama."

"Za rimu hizi?"

"Ndiyo."

Akavuta pumzi, ikachukua muda kurudi. "Duka lako unafungua saa ngapi?"

"Saa mbili."

Hata saa moja ilikuwa bado. Akanitazama mpaka nikatazama chini.

"Kwa hiyo ulizitoa jana."

Ningeweza kusema uongo. Miye siyo bubu, wanaonijua wanajua. Hakuna hata mmoja ulionijia.

"Jana jioni, mama."

Gari la mikate likasimama. Nikanyoosha mkono nimwinue, mama akauacha hewani.

"Mkwe wangu," akaita, "njoo unishike."

Mtaalamu akamwinua polepole, akamkalisha mbele, naye akabana kando ya mlango. Kule nyuma, kati ya trei za mikate, palikuwa na nafasi.

"Na huyu dada je?" mtu wa mikate akauliza.

"Mwache," mama akasema. "Ana nati zake."