Babu na Nyumbu wa Burma

Nilipokuwa darasa la sita, kule Mbumbuni, mwalimu wa Kiswahili alituambia tuandike insha kuhusu mtu tunayemwonea fahari. Nikaandika juu ya babu yangu. Niliandika kwamba alipigana Vita vya Pili vya Dunia nchini Burma, kwamba kazi yake ilikuwa kuongoza nyumbu waliobeba risasi, na kwamba nyumbu hao hawakuwa na sauti.

Mwalimu aliisoma insha mbele ya darasa, kisha akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuona picha ya nyumbu. Nilikuwa nimeiona kwenye kitabu cha jiografia kama wenzangu wote: mnyama wa Masai Mara, ana pembe na ndevu, anavuka mto na wenzake maelfu. Darasa lilicheka hadi kengele ya mapumziko. Nilipata kumi kwa arobaini.

Babu hakukasirika nilipomweleza. Kesho yake alivaa koti la kanisani, akamfungua punda wetu wa kuchotea maji, akaenda naye mpaka kwenye dirisha la darasa letu. Akamwambia mwalimu kwamba punda akizaa na farasi, mtoto huitwa nyumbu, na huyu hapa ni ndugu yake wa upande wa baba. Mwalimu alikuwa muungwana. Alikubali kwamba neno lina maana mbili, akaniongezea alama. Lakini kuhusu wanyama wasiolia alitikisa kichwa tu, na kijijini kila mtu alikubaliana na mwalimu. Huyo mzee, walisema, huchanganya vita na ndoto.

Yeye alizidi kusimulia. Alikuwa na miaka kama kumi na minane, ametumwa na baba yake mnadani na ng'ombe wawili, alipokuta wazungu wakiandikisha vijana warefu. Kwa kuwa hakuwa mrefu, alipanda juu ya jiwe. Baba yake alipopata habari, mwanawe alikuwa ameshafika Mombasa. Melini alitapika njia nzima hadi Seloni, Sri Lanka ya leo, na kutoka huko wakapelekwa Burma, msituni, ambako mvua ilinyesha wiki baada ya wiki bila kupumzika. Mtu wa Makueni aliyezoea kutazama mawingu yakipita juu ya mahindi makavu aliona maajabu. Alitamani kumwandikia mama yake barua kwamba mvua yetu imepatikana, Mungu alikuwa ameipeleka kwa watu wengine kimakosa.

Nyumbu wake alielewa Kikamba tu. Afisa akimwamuru kwa Kiingereza, anasimama kama nguzo. Siku moja alisimama hata kwa Kikamba, katikati ya njia, masikio mbele. Babu alimbembeleza, akamsukuma, akakaa chini kungoja. Waliotumwa kukagua walikuta bomu limefukiwa hatua chache mbele yao.

Vita vilipoisha alirudi na koti la kijeshi na ujuzi wa kutunza kwato. Hakuna aliyemuuliza kitu. Sikukuu za taifa zilipofika, walioitwa jukwaani walikuwa wengine, naye alisimama pembeni akipiga makofi kwa moyo wote.

Miaka michache iliyopita, mimi nikiwa tayari mwalimu wa Kiswahili mjini Kitui, nilikwenda kumtembelea likizo ya Agosti. Alikuwa amekaribia miaka mia. Siku ya soko daktari wa mifugo, msichana mdogo kwa umri lakini mkali kwa kazi, alikuwa akichanja punda. Punda mmoja alikuwa amechachamaa, amewatupa wanaume wawili chini. Kabla sijamzuia, babu alikuwa ameshafika. Aliweka kiganja begani mwa yule mnyama, akakitelezesha taratibu mpaka chini ya mguu, akanong'ona kitu, na ule mguu ukainuka wenyewe.

Daktari alimaliza kuchanja, kisha akamuuliza alijifunzia wapi. Babu akajibu kama alivyojibu maisha yake yote. Burma, na nyumbu wasiolia. Watu waliokuwa karibu walianza kutabasamu.

Daktari hakutabasamu. "Waliokatwa nyuzi za sauti," alisema.

"Unawajua?" babu akauliza.

"Tulifundishwa chuoni, mzee. Walipasuliwa koo ili adui asiwasikie msituni. Sikujua kama kuna mtu aliye hai aliyewaona."

Babu alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili na hakuuachilia upesi. Wale waliokuwa wakitabasamu walitazamana. Mmoja wao alikuwa mwalimu wangu wa zamani, sasa mstaafu, amekuja kununua ndizi. Alinijia akaniambia kwamba hata zile arobaini kamili zisingetosha.

Tukarudi nyumbani babu akiwa mwepesi kama kijana. Nilipompa chai, nikamwambia kwamba leo amepata shahidi. Kwa kuwa nina jina la marehemu nyanya, yeye huniita mke wake. "Mke wangu," akasema, "shahidi wa wanyama amepatikana. Sasa nikwambie la watu."

Ndipo nikasikia habari ya rafiki yake, kijana wa Kitui, mwongozaji mwenzake. Malaria ilimchukua wiki moja kabla ya kikosi kuondoka Burma. Alikuwa ameomba jambo moja tu: babu amfikishie mama yake salamu. Basi aliporudi babu alilala nyumbani kwake siku mbili, akaanza safari kwa miguu, akavuka Mto Athi, akauliza njia nyumba kwa nyumba hadi akafika kwa mama wa rafiki yake. Yule mama alisikiliza yote. Hakulia mbele yake. Alimuuliza kama mwanawe alikuwa bado akicheka kwa kufunika mdomo. Babu akasema ndiyo, hata siku ya mwisho. Mama akamwambia akae, akamkalisha siku tatu, na alipoondoka binti wa nyumba hiyo alitumwa amsindikize mpaka mtoni.

Nikamuuliza yule binti alikuwa nani, ingawa nilishaanza kuelewa.

"Yule uliye na jina lake," akasema. "Alinionyesha penye maji machache. Mimi nikavukia penye mengi, nikaanguka, akanicheka huku amefunika mdomo. Mwaka uliofuata nilirudi na mbuzi."

Nilimuuliza kwa nini miaka yote hiyo hajatuambia. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mlikuwa mnauliza habari za nyumbu tu."

Daktari alirudi wiki iliyofuata kumwomba awafundishe wenye punda jinsi ya kufunga mizigo isiwachubue. Babu alikubali. Wakamwekea kiti karibu na wauza mitungi, na kila siku ya soko aliketi hapo na koti lake, akimkemea yeyote aliyezidisha mzigo, hata awe mzee wa kanisa. Mara ya mwisho nilipopita, mwanamume mmoja mnene alikuwa akifungua mafundo yote upya, akitokwa jasho, huku babu akimhesabia kwa sauti ya kijeshi na wanawake wauza nyanya wakimwitikia.