Jenereta wa Kijapani

Ilianza Jumanne, saa nne na robo asubuhi, mwalimu wa historia aliponisimamisha mbele ya darasa, shuleni kwetu Bunju. Mie naonaga aibu hata kuitikia jina langu. Nilitakiwa nieleze jinsi jenerali mmoja wa Kijapani alivyopanda vyeo vitani, hadi siku aliyosalimisha upanga wake. Nikaanza: "Jenereta huyu alizaliwa..."

Darasa zima likaangua kicheko. "Alikuwa anatumia petroli au dizeli, sista?" akauliza jirani yangu wa dawati.

Nikacheka na mie, nikashindwa kuendelea. Mwalimu alikuwa anajifuta machozi. "Kaa, utamalizia kesho."

Kesho yake asubuhi nilisimama kabla sijaitwa. "Jenereta imewaka," nikasema, nikamweleza jenerali wangu mpaka kwenye upanga.