Swingi Kwenye Sakafu Nyekundu

Leo nimepaka sakafu waksi nyekundu, na kabla haijakauka watoto wangu wakapita juu yake na soksi. Nilifoka mpaka jirani akachungulia. Halafu ile harufu ikanishika, nikawa na miaka minane tena, Kitengela, sakafu ina waksi kama hii, viti vimesukumwa ukutani, Baba ananifundisha kucheza swingi, ile dansi ya wawili kushikana mikono na kuzungushana.

Shangazi alikuwa anaolewa Kajiado. Mama alikuwa na mimba kubwa, hawezi kucheza, kwa hivyo Baba alitaka mtu wa kucheza naye harusini. Nikishindwa mimi, angemchukua binamu yangu, na huyo msichana sikuwa namtaka hata kwa picha.

"Mguu nyuma, rudi. Sasa hatua tatu ndogo huku, tatu kule. Na mkono uwe kama mpira wa sketi, unavutika, unarudi."

Mimi nilimvuta kama ng'ombe wa mnada.

"Pole pole, mama! Mimi ndiye naongoza."

"Kwani nani alisema?"

Baba akaniachia mkono. Nikajua nimejiharibia. Kisha akacheka, akanipa mkono. "Haya, ongoza."

Nikamrudisha nyuma, nikamzungusha chini ya mkono wangu, ingawa ilibidi akunje magoti. Waksi ikamtelezesha, akakalia meza ya chai.

Mama alikuwa mlangoni na mwiko, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Baba watoto, harusini utaenda na huyu huyu," alisema. "Miaka hii yote nimefuata miguu yako. Wacha na wewe ufuate."