Damu Isiyotaka Barafu

Miaka ishirini na miwili Skolastika amebeba chanjo kutoka Inyonga kwenda vijijini, na hajaharibu hata moja. Muulize tu, atakwambia kabla hujamaliza swali. Pikipiki iharibike, mto ujae, nesi huyu atalitia kasha lake la barafu begani na kutembea. Na ole wake anayelifungua bila ruhusa! Atasemwa mpaka ajute.

Ndiyo maana watafiti kutoka Mwanza walipotafuta mtu wa kuwatumia damu za wanawake waliowahi kuugua kansa ya titi, walielekezwa kwake. Walikuwa wanasaka seli za kansa zilizobanduka kwenye uvimbe na kuzurura ndani ya damu. Ni chache mno, kichupa kizima kinaweza kuwa na mbili tatu tu, lakini zikionekana, daktari anashtuka mapema. Wakamfundisha siku nzima. Vichupa vyao vina dawa ya kuzihifadhi, kwa hiyo visiwekwe kwenye barafu. Vikae kivulini tu, vifike ndani ya siku nne. Skolastika aliandika yote kwenye daftari.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Aneth, mfuga nyuki wa huko Ugalla, aliyekatwa titi la kushoto mwaka juzi. Alikuja na swali moja: ugonjwa umeondoka, au umejificha? Alitaka jibu kabla ya kuingia porini kwenye mizinga yake. Skolastika akamtoa damu, wakataniana, wakaagana. Halafu mkono wake, bila kumuuliza mwenye mkono, ukafungua kasha na kukizamisha kichupa katikati ya barafu. Akalipeleka kasha stendi, akamkabidhi kondakta.

Simu ilikuja baada ya siku tano. Seli zimeharibika, hakuna kinachosomeka, achukue damu nyingine.

Angeweza kumsingizia kondakta. Wazo lilimjia, tusidanganyane. Hakumsingizia mtu, ila hakumpigia Aneth pia. Aliona aibu, yeye wa kuharibu kitu! Akawa anasema kesho, kesho. Wiki mbili zikapita. Aneth akaona kimya hicho ni dalili njema, akaingia porini kusiko na mtandao. Alitoka baada ya miezi miwili.

"Dada, damu yako niliiharibu mimi," Skolastika alimwambia siku hiyohiyo. "Niliiweka kwenye barafu. Na nikaogopa kukwambia."

Aneth alimtazama. "Mimi asali yangu siipeleki kwenye barafu, nesi, na shule sijasoma!" Akacheka, akakunja mkono wa blauzi.

Safari hii Skolastika alikifunga kichupa kwenye kanga, akakitia kwenye kikapu, akapanda basi mwenyewe mpaka Mwanza. Kikapu hakikutoka mapajani.

Zilionekana seli saba. Daktari akataka Aneth aende haraka apigwe picha za mwili mzima.

Skolastika alimfuata nyumbani kumpa habari. Aneth alisikiliza, mikono imetulia juu ya meza. Hakulia.

"Na kile kichupa cha kwanza," aliuliza, "kingeonyesha ngapi?"

Skolastika alikuwa na daftari lake mkononi. Humo kuna joto la kila chanjo, asubuhi na jioni, hakuna siku iliyorukwa. Hakulifungua.

"Sijui, dada," alisema.