Sufuria Yenye Bunduki

Leo Jumamosi, mwaka wa ishirini na nane tangu nitoke Bukavu, shemeji yangu amefunua sufuria jikoni kwangu akapiga kelele: "Yesu wangu!"

Ndani kulikuwa na komeo la bunduki, kile chuma cha kufungia risasi ndani, linachemka.

Nieleze kidogo. Ninaunda upya bunduki za vita vya zamani kutokana na vipuri chakavu. Kinachokosekana nakikereza mwenyewe. Hazipigi, mitutu imezibwa. Na kutu nyekundu ikichemshwa hugeuka nyeusi, ikakilinda chuma.

(Sufuria ni yangu. Mke wangu alishanipiga marufuku kugusa zake.)

Shemeji, mdogo wa mke wangu, alikuwa amekuja Turffontein, mtaa wetu wa huku ugenini, kutushawishi turudi nyumbani pamoja naye. Alidhani ni maharage.

"Shemeji, ulikimbia bunduki, sasa uko unaipika?"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Nyinyi mngejibu nini?

Mimi nilisema: "Zile zilinifukuza. Hii inaningoja niimalize."

"Ukiimaliza, tunarudi?"

"Hapana, shemeji."

Alinitazama, akisubiri niongeze "labda."

Sikuongeza. Sitarudi Bukavu.